Je, Huruma Hufundishwa Darasani?



Baadhi ya vijana wetu wanasomea kazi ya ustawi wa jamii, na wazazi wanatuuliza: mtu anafundishwaje kumsaidia mwenzake? Huruma si inatoka moyoni? Mama mmoja alisema kwamba anayeitikia kwa kichwa kwa sababu mwalimu amemwagiza ni mwigizaji tu. Neno hilo ni zito, tusilipite haraka.

Ni kweli mambo haya hufundishwa kama ufundi. Mwaka 1968, Allen Ivey na wenzake huko Marekani walichapisha njia ya kuwafundisha washauri ujuzi mmoja mmoja: kukaa, kutazama, sauti, kufuata habari ya msemaji bila kuihamisha. Mwanafunzi anajaribu kwa dakika chache, anarekodiwa kwa video, anajitazama, anarudia. Inachekesha kidogo. Lakini mtoto naye hufundishwa kusema asante kabla hajajua shukrani ni nini, wala hatumwiti mnafiki.

Tena wengi wetu tuna huruma na bado tunaumiza watu. Mjane anaanza kusema, hajamaliza, tumeshamwambia avumilie, au tumeanza kusimulia jinsi sisi tulivyovuka mpaka usiku. Sasa anayefarijiwa ni nani? Rafiki za Ayubu walilia, wakararua mavazi, wakakaa naye chini siku saba bila neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Huruma walikuwa nayo. Kujizuia kuliwashinda, na kujizuia ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia mazoezi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, unataja hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Unakataza pia kumshinikiza mtu aeleze yaliyompata. Kwetu wakimbizi hilo si dogo. Habari zetu tumeshazisema kwa afisa, kwa mkalimani, kwa daktari. Mwanafunzi anayekuja na daftari ni wa nne. Afundishwe na kulifunga.

Si kila kilichoandikwa huko kinafaa hapa. Kijana kumkazia macho mzee ni utovu wa adabu kwetu, na Ivey mwenyewe alikuja kuandika kwamba desturi ya kutazamana hutofautiana. Na siri? Jirani yuko nyuma ya turubai. Basi kabla ya kuuliza lolote, aulize tukae wapi.

Mama yule ana haki katika jambo moja. Mwenye ufundi bila moyo ni hatari kuliko asiye na ufundi, maana anajua kufungua midomo ya watu. Carl Rogers, mwaka 1957, aliuweka ukweli wa msaidizi mwenyewe kati ya masharti ya kumsaidia mtu. Huo hauonekani kwenye video. Mtautambua ninyi, vijana wakifika mlangoni kwenu, mkiwaambia kwamba leo hamtaki kuongea: tazameni watakavyoaga.