Kushindwa si ushahidi wa ubaya: Somo la Lakers na Pistons 2004

Ipo tabia moja kwetu sisi binadamu ambayo tumeizoea kiasi kwamba hatuioni tena kuwa ni tabia. Aliyetarajiwa kushinda anaposhindwa, hima tunaanza kuzitafuta aibu zake. Mfanyabiashara akifilisika, tunakumbuka kuwa alikuwa na kibri. Mwanafunzi hodari akifeli, tunasema alizidi kujiona. Lakini aibu hizo hizo tulikuwa tukiziona alipokuwa juu, na tulinyamaza. Pengine hata tuliziita ujasiri.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: Je, kushindwa kwa mtu ni ushahidi wa ubaya wake? Na je, kushinda ni ushahidi wa wema?

Nimechagua kulijadili swali hili kwa mfano wa mpira wa kikapu, tena wa Marekani, na sababu yangu ni nyepesi. Katika maisha ya kawaida ni vigumu kujua nani alifanya nini na lini. Katika mchezo ule kila mtupo huandikwa. Anayetaka kuhukumu hana kisingizio cha kuhukumu kwa tetesi.

Kikosi cha majina

Mwezi Juni 2004, Los Angeles Lakers walikutana na Detroit Pistons katika fainali ya NBA, ambako bingwa ni yule anayetangulia kushinda mechi 4. Lakers walikuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, ambao kwa pamoja walikwishatwaa ubingwa mara 3 mfululizo, 2000, 2001 na 2002. Mwaka 2003 wakajiunga nao Karl Malone na Gary Payton, wakongwe wawili ambao fainali walizifika na kuzipoteza, Payton 1996 na Malone 1997 na 1998. Wote wawili walikubali malipo madogo mno ukilinganisha na hadhi yao, ili tu wapate pete ya ubingwa kabla ya kustaafu. Kocha alikuwa Phil Jackson, mwenye mataji 9.

Upande wa pili walikuwapo watu waliokataliwa. Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi wa vijana wa 1996. Chauncey Billups alihamishwa na timu yake ya kwanza kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, kisha akazunguka timu kadhaa hadi alipofika Detroit 2002. Rasheed Wallace aliuzwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, Februari 2004. Kocha wao, Larry Brown, alikwishapoteza fainali ya 2001 mbele ya Lakers hao hao akiwa na Philadelphia.

Matokeo? Pistons walishinda 4-1. Mechi ya kwanza, tena ugenini, 87-75. Ya pili Lakers wakashinda 99-91 katika muda wa nyongeza. Ya tatu ikawa 88-68, ya nne 88-80, na tarehe 15 Juni wakamaliza kazi kwa 100-87.

Hukumu ikatolewa haraka: Lakers wameponzwa na ubinafsi. Shaquille na Kobe walikuwa hawapatani, na mapema msimu huo walirushiana maneno hadharani. Kila mmoja aliitaka timu iwe yake. Basi, kesi imefungwa.

Ugomvi haukuanza 2004

Mimi naona kesi hiyo imefungwa mapema mno. Shaquille na Kobe hawakuanza kugombana 2004. Walikuwa wakigombana na huku wakitwaa ubingwa. Msimu wa 2000-2001 mvutano wao ulijulikana kwa kila mfuatiliaji, na mwisho wa msimu huo walimfunga Larry Brown huyo huyo 4-1. Kama ugomvi ndio unaoangusha, kwa nini haukuangusha wakati ule?

Anayesema "ubinafsi uliwaangusha" inampasa aeleze kwa nini sumu ile ile ilinywewa mara ya kwanza bila madhara na mara ya pili ikaua. Asipoeleza, hatupi sababu. Anatuhadithia tu hadithi ambayo mwisho wake aliujua kabla ya kuianza.

Hata hivyo sitaki kusema kuwa tabia haina sehemu. Ninachosema ni kwamba tabia mbaya ni kama ufa katika ukuta. Nyumba yaweza kusimama na ufa miaka mingi. Siku maji yanapokuja kwa nguvu ndipo ufa unapopata maana. Lakers wa 2004 walipata maji. Malone, ambaye alikuja kuwa gundi ya timu, alikuwa ameshakosa nusu ya msimu kwa goti, na katika fainali goti lile likamrudia hata mechi ya tano hakucheza. Na mbele yao walikuwapo watu waliojua hasa ufa uko wapi.

Kitendo kimoja, hukumu mbili

Tuitazame mechi ya pili. Lakers walikuwa nyuma kwa pointi 3, zimebaki sekunde 2 na ushei. Kobe akatupa kutoka mbali, mpira ukaingia, mechi ikasawazishwa, na Lakers wakashinda katika muda wa nyongeza. Usiku ule alisifiwa kwa moyo wake wa kuubeba mzigo wenzake wanapokwama.

Mechi mbili baadaye, moyo ule ule ulimfanya atupe mara 25 na kufunga 8 tu, na Shaquille yuko chini ya kikapu akifunga karibu kila anachopewa. Safari hii uliitwa uchoyo.

Hapa ndipo penye mtihani wa insafu. Mtu ni yule yule na nia yawezekana ni ile ile. Kilichobadilika ni kuingia au kutoingia kwa mpira. Je, ni haki tabia ya mtu ipewe jina na ukingo wa chuma? Mpira ukigonga ndani ni shujaa, ukigonga nje ni mchoyo? Kama tunahukumu hivyo, basi hatumhukumu mtu. Tunaihukumu bahati yake.

Wapo watakaosema kuwa basi tusimhukumu mtu yeyote, kwani kila jambo lina bahati ndani yake. La hasha! Njia ya kuhukumu ipo, nayo ni kuuliza: wakati anatenda, alikuwa anajua nini?

Tarajali mechi ya kwanza. Shaquille alitupa mara 16 na kufunga 13, akapata pointi 34. Kobe alitupa mara 27 na kufunga 10, akapata 25. Wachezaji wengine wote wa Lakers kwa pamoja walipata pointi 16. Usiku mmoja si kitu, kila mtu huwa na usiku wake. Kwa hiyo lawama ya mechi ya kwanza ni nyepesi. Lakini kufikia mechi ya nne ushahidi ulikuwa umeshapangwa mezani, na mwenendo haukubadilika. Mfululizo ulipomalizika, Shaquille alikuwa amefunga asilimia 63 ya mitupo yake na Kobe asilimia 38, na bado aliyetupa mara nyingi zaidi ni Kobe.

Nakiri kwamba takwimu hizi hazisemi yote. Mtu mkubwa aliye chini ya kikapu hawezi kujipa mpira mwenyewe, lazima afikishiwe, na kumfikishia si jambo rahisi mbele ya walinzi hodari. Lakini hilo linaigeuza lawama tu, haliiondoi. Kukosa mtupo si kosa la kimaadili. Kukataa kusikiliza kile ambacho siku tatu zilizopita zimekufundisha, hilo laweza kuwa kosa. La kwanza ni la mkono, la pili ni la nafsi.

Haki ya mshindi

Kuna dhulma nyingine iliyojificha ndani ya swali lenyewe. Tunapouliza "Kwa nini Lakers walishindwa?" tunakuwa tumeshaamua kwamba taji lilikuwa lao na wamelidondosha njiani. Pistons wanageuka kuwa wapita njia waliookota.

Sivyo ilivyokuwa. Pistons walikuwa na hesabu. Timu nyingi zilikuwa zikimzuia Shaquille kwa kumwekea watu wawili, na hapo wengine wanabaki huru. Pistons walimwachia Ben Wallace, mfupi na mwepesi kuliko yeye, apambane naye peke yake kwa sehemu kubwa. Walikubali Shaquille afunge, ili wanne waliobaki wasipumue. Kobe alipewa Tayshaun Prince, kijana mwembamba mwenye mikono mirefu, aliyemfuata kama kivuli. Payton, bingwa wa miaka ya nyuma, alikuwa hafiki pointi 5 kwa mechi, huku Billups aliyemkabili akichaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Kwa maneno mengine, ubinafsi tulioulaumu kwa Kobe ulikuwa kwa sehemu umetengenezwa na wapinzani. Walimfungulia mlango wa kutaka kufanya peke yake, naye akaingia. Anayesema Lakers walijiangusha wenyewe anamnyang'anya Prince jasho lake. Kumnyima mshindi haki yake kwa kisingizio cha kumkemea aliyeshindwa ni dhulma mbili kwa mpigo.

Wema si hati ya ushindi

Sasa msomaji ataniambia: basi somo ni kwamba umoja hushinda majina. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Mwezi Agosti 2004, miezi miwili tu baada ya ubingwa, Larry Brown aliiongoza timu ya Marekani katika Olimpiki ya Athens. Ilifungwa na Puerto Rico 92-73, ikafungwa na Lithuania, ikafungwa na Argentina katika nusu fainali, ikarudi na shaba. Kocha ni yule yule na falsafa yake ni ile ile.

Mwaka 2005 Pistons walirudi fainali dhidi ya San Antonio wakiwa na wachezaji watano wale wale walioanza fainali ya 2004. Mechi ya tano, zimebaki sekunde chache katika muda wa nyongeza, Rasheed Wallace alimwacha mtu wake akaenda kumsaidia mwenzake kumbana Manu Ginobili. Mtu aliyeachwa alikuwa Robert Horry. Akapewa mpira, akafunga pointi 3, Pistons wakapoteza mechi kwa pointi moja, na mwishowe wakapoteza ubingwa 4-3. Tuliwasifu 2004 kwa kuwa kila mmoja alimkimbilia mwenzake. Mwaka uliofuata, kumkimbilia mwenzake ndiko kulikowagharimu.

Na wale waliolaumiwa? Shaquille aliuzwa Miami kiangazi hicho hicho, akapata ubingwa 2006, na Payton akiwa pamoja naye. Kobe alitwaa mengine mawili, 2009 na 2010, chini ya Jackson aliyekuwa amerudi. Malone, aliyekubali malipo madogo na hakugombana na mtu kwa ajili ya mpira, alistaafu bila pete. Anayetafuta katika orodha hii malipo ya wema na adhabu ya ubaya atachoka bure.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye faida. Kama umoja ungekuwa dawa ya uhakika ya ushindi, tungeshirikiana kwa tamaa tu, na siku tungeposhindwa tungeuacha kama chombo kibovu. Kumpa mwenzako aliye katika nafasi nzuri zaidi ni jambo jema kwa sababu ni haki yake na ni haki ya kazi mnayoifanya pamoja. Likileta taji, ni heri. Lisipoleta, bado lilikuwa jema.

Tukumbuke hili tunapokaa kuhukumiana katika biashara zetu za ubia, katika kamati zetu na ndani ya familia. Aliyeanguka tusimwulize kwanza alikuwa na dhambi gani. Tumwulize alijua nini na alikifanyia nini alichokijua. Aliyeshinda naye tumpe haki yake bila ya kumvika utakatifu. Na kila mmoja wetu ajiulize mwenyewe, kabla matokeo hayajatoka, maana yakishatoka kila mtu huwa mjuzi.