Mdaiwa na Ubao

Katika madeni yote awezayo kudaiwa mwanadamu, hapana linaloudhi kama deni asilokumbuka kulikopa. Aliyechukua unga dukani alijua deni lake tangu mkono ulipopokea mfuko. Lakini mtu aambiwapo kwamba anadaiwa kwa sababu magurudumu ya gari lake yalikanyaga mchanga wa mtu mwingine, kwanza hushangaa, kisha hukasirika, na mara nyingi hutafuta uongo wa kumwokoa. Nataka kuuliza juu ya hatua hiyo ya tatu. Je, mtu anayedaiwa fedha ambazo kwa haki hapaswi kuzilipa, ana ruhusa ya kusema uongo ili asizilipe?

Tumtazame mtu mmoja wa Mjambere, kule Kisauni, upande wa bara ya Mombasa. Ni mtu wa kubuni, lakini mfano wake wapatikana kila mahali penye njia nyembamba na magari mengi. Asubuhi moja alimpeleka mama yake zahanati. Kando ya barabara hapakuwa na nafasi. Tuktuk, pikipiki na meza za wauza samaki zilikuwa zimeshika kila upenyo. Mbele ya zahanati palikuwa na uwanja wa mtu, mtupu, wenye duka moja pembeni. Akaingiza gari, akamshika mama mkono, akaenda zake. Alipokuwa akigeuza usukani aliona ubao uliopigiliwa misumari katika mwembe. Aliuona, lakini hakuusoma. Baada ya saa moja alirudi akakuta gurudumu limetiwa pingu ya chuma, na mlinzi amesimama kando. Ubao ulisema kwamba mahali pale ni pa wateja tu, na mwingine yeyote atatozwa faini ya shilingi 5,000. Fedha hizo hakuwa nazo, na mama yake alikuwa ameketi juani. Mlinzi, ambaye bila shaka naye alizaliwa na mama, aliandika jina lake na nambari yake ya simu, akafungua pingu. Majuma machache yakapita, na mwenye uwanja akamshtaki katika Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hii ni jambo jipya katika nchi ya Kenya. Sheria yake ilitungwa mwaka 2016, na milango yake ya kwanza ilifunguliwa Nairobi katika Aprili 2021. Baadaye ikaenea miji mingine, Mombasa ikiwamo. Mwanzo ilipewa madai yasiyozidi shilingi 200,000, na mwaka 2020 kiasi hicho kikapandishwa kuwa shilingi 1,000,000. Shauri lapaswa kumalizika katika muda wa siku 60. Mdai na mdaiwa huweza kusimama wenyewe na kusema maneno yao, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi zinazotawala mahakama kubwa. Asiyeridhika huweza kukata rufani katika Mahakama Kuu, lakini kwa jambo la sheria tu. Maana yake ni kwamba habari ya kilichotukia uwanjani, nani aliona nini na nani alisema nini, humalizikia pale pale mbele ya mwamuzi. Jambo hili tulishike, kwa kuwa uzito wa maneno yangu umo humo.

Mdaiwa wetu alipolieleza shauri lake barazani, mzee mmoja alimwambia, "Mwanangu, taabu ya nini? Wewe sema hukuuona ubao. Nani atakayekukanya?" Wote waliokuwapo walikubali. Na kwa kweli shauri la mzee lilikuwa na akili ndani yake, kwa kuwa sheria humhurumia asiyeona. Huko Uingereza, mwaka 2000, Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la mwanamke aliyeugua ghafula akiwa njiani, akaegesha gari katika ardhi ya watu binafsi. Alikaa dakika chache tu, na aliporudi alikuta gari limefungwa. Tangazo lilikuwapo, lakini gari jingine lilikuwa limelikinga. Majaji walisema kwamba mtu hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali jambo ambalo hakulijua, wakampa haki yake. Hoja hii ni njema na ina mizizi. Ahadi hufungwa na nafsi mbili zinazojua, wala ubao peke yake hauwezi kuahidiana na mtu.

Lakini tazama hoja hiyo ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya kweli ya mwanamke yule. Hakuona, akasema hakuona, akaaminiwa. Kila mtu anayeona na kusema hakuona hukopa katika akiba ya imani ambayo wakweli waliiweka, naye hana nia ya kurudisha. Katika mahakama kubwa wako mawakili wa kuuhoji uongo mpaka ujikwae. Katika mahakama ndogo, ambako sheria imewaondolea watu ugumu ili maskini naye apate kuingia, mlinzi wa haki ni ulimi wa kila anayesimama pale. Uongo wa shilingi 5,000 ukizoeleka, mwamuzi atajifunza kutomwamini yeyote, na siku moja mama mgonjwa ambaye kweli hakuona atarudishwa nyumbani na deni.

Msomaji kijana huenda akasema: mwenye uwanja ni tajiri, na faini yake ni dhuluma, kumdanganya dhalimu ni kosa gani? Nami sitaki kulipuuza swali hili, kwa kuwa faini yenyewe kweli ina ila. Neno faini si la kila mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikubali kodi wala ada ya leseni itozwe ila kwa sheria. Hata kaunti, iliyokabidhiwa na Katiba hiyo mambo ya maegesho, hutoza ada zake kwa sheria. Adhabu ni ya dola. Mtu binafsi huweza kudai bei ya kitu alichouza au fidia ya hasara aliyoipata, lakini hawezi kujifanya serikali ndani ya ukuta wake. Huko Scotland mahakama iliamua mwaka 1992 kwamba kulifunga gari la mtu katika ardhi binafsi ili atoe fedha ni jinai, na Uingereza ikakataza desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 2012. Basi mdaiwa wetu hakukosa silaha. Huweza kuuliza: saa moja ya uwanja mtupu ina thamani gani? Huweza kusema yuko tayari kulipa shilingi 200 kwa nafasi aliyoitumia, na kukataa zilizosalia. Huweza kueleza kwamba alilazimishwa na hali ya mama yake. Hoja zote hizi zaweza kusemwa na mtu aliyeuona ubao.

Hapa ndipo napoona kosa la barazani. Walidhani kwamba kweli ingemwacha mdaiwa uchi, nao hawakujishughulisha kuzihesabu nguo zilizobaki.

Hata hivyo si haki kumsahau mwenye uwanja. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali malipo ya pauni 85 yaliyodaiwa na kampuni iitwayo ParkingEye kwa dereva aliyepitiliza muda wa saa mbili za bure kwa dakika 56. Majaji waliona kwamba matangazo yalikuwa makubwa na mengi, na kwamba malipo yale yalikuwa na kazi ya haki, yaani kuzuia watu wachache wasiwanyime wengine nafasi. Hukumu hiyo haiwafungi waamuzi wa Kenya, ambayo ilipokea sheria ya mazoea ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, tena kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Lakini huweza kuwashawishi. Duka lile la pembeni lina wateja, na mteja akikosa pa kuweka gari huenda kununua kwingine. Hiyo ni hasara halisi hata kama haionekani kwa macho.

Na juu ya ardhi watu wa Mombasa wana mafunzo yao wenyewe. Kwa miaka mingi wengi wamejenga nyumba juu ya ardhi ya wengine, wakilipa kodi ya ardhi; mtu ana kuta na paa, lakini udongo ulio chini ya kitanda chake una mwenyewe. Aliyeishi hivyo hawezi kusema kwamba kukanyaga ardhi ya mtu si kitu. Vile vile hawezi kukubali kwamba mwenye ardhi hupanga bei yoyote atakayo kwa kupigilia ubao mtini.

Gharama ya kusema kweli tusiifiche. Siku ya shauri mdaiwa ataacha kazi, atavuka daraja la Nyali kwa nauli yake, atangoja zamu yake, na huenda akashindwa. Angesema hakuona, huenda angerudi mapema na fedha zake mfukoni. Mimi nachagua njia ndefu, na namheshimu anayesita, kwa kuwa shilingi 5,000 kwa watu wengi wa Mjambere ni chakula cha siku nyingi.

Basi anasimama. Mwamuzi anamwuliza kama aliuona ubao. "Niliuona, mheshimiwa," anajibu, "lakini sikuusoma, kwa maana nilikuwa na mgonjwa." Mwamuzi anaandika. Kisha anainua uso, anamgeukia mwenye uwanja, na kumwuliza ni mteja gani aliyekosa nafasi saa ile.