Kwa Niaba ya Nani?

Kutoka Kamuli hadi Dodoma ni safari ya kutwa nzima na kipande kikubwa cha usiku. Tuliondoka alfajiri na watoto wa darasa la saba, tukapita Omurushaka, Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida, tukafika usiku wa manane watoto wamelaliana kwenye viti. Yote hayo kwa ajili ya siku moja tu ya kuliona Bunge. Nilikuwa mmoja wa walimu wasindikizaji, na katika usharika wetu mimi ni mzee wa kanisa. Siandiki haya kuisifu safari. Naandika kwa sababu safari ile iliniachia swali ambalo sijaweza kulitua: mtu anapokubali kusema kwa niaba ya mwenzake, anadaiwa nini?

Si watoto wote walikwenda. Kulikuwa na mchango wa nauli na chakula, na aliyeshindwa alibaki. Mmoja wa waliobaki ni mvulana hodari wa hesabu. Baba yake alikuwa ameuza kahawa kwa butura. Sisi wa huku tunaijua butura. Mtu anapatwa na shida, pengine mgonjwa au ada ya mtoto, anamwendea mwenye fedha wakati kahawa ingali kijani mtini, anapewa kiasi kidogo, na ikiiva si yake tena. Anaivuna kwa mikono yake na kuibeba kwenda kwa mwingine.

Jioni ya kuamkia safari, mvulana yule alinifuata nyumbani. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia. Akanipa karatasi aliyoichana kwenye daftari. "Mwalimu, ukifika kule naomba uniulizie." Alikuwa ameandika hivi: kwa nini kahawa ya baba inakuwa ya mtu mwingine kabla haijaiva, na kama jambo hili linakatazwa kila mwaka, mbona kila mwaka linafanyika? Niliikunja karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa shati. Nikamwambia, "Nitauliza."

Asubuhi tulikaguliwa getini, tukaingia, tukaketishwa sehemu ya wageni. Saa tatu Mpambe wa Bunge aliingia amebeba siwa, Spika akafuata, sote tukasimama. Ikasomwa dua ya kuliombea Bunge, Wakristo na Waislamu wamesimama pamoja chini ya dari moja. Kisha yakaanza maswali. Hapo ndipo watoto wetu walipoanza kunong'onezana, maana walisikia neno moja likirudiwa. Mbunge anasimama kuuliza swali kwa niaba ya mwenzake asiyekuwepo. Naibu Waziri anasimama kujibu kwa niaba ya Waziri. Hata katika taarifa rasmi za Bunge maneno hayo huandikwa kwa kifupi, k.n.y., kwa jinsi yanavyotumika mara nyingi.

Baada ya maswali wageni walitambulishwa. Shule yetu ilipotajwa watoto walisimama, wabunge wakawapigia makofi kwenye meza. Nilijisikia fahari. Lakini binti mmoja aliponiuliza baadaye, sikuwa na jibu la haraka: "Mwalimu, ulitufundisha Bunge ni la wananchi. Mbona tumeitwa wageni, tena tumekatazwa kusema?"

Swali lake ni zuri. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 63 inasema Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Basi mwenye nyumba anakaa kimya, na aliyetumwa ndiye anayesema. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwa maana taifa zima haliwezi kuenea katika ukumbi mmoja. Musa naye alielemewa, mpaka mkwewe Yethro akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi (Kutoka 18). Wakuu wale hawakuwekwa ili wapate viti vya mbele. Waliwekwa ili shauri la mtu mdogo lisikose wa kulisikiliza. Kimya cha anayewakilishwa ni amana. Amekopesha sauti yake, na mkopo una siku ya kurudishwa.

Nikafika hapo katika kuwaza, nikaona nimewajua waheshimiwa na wajibu wao. Sikujua kwamba mtihani ulikuwa wangu.

Kikao kilipoahirishwa tulitoka nje. Mheshimiwa mmoja alikuja kutusalimia kwa upole, akacheza na watoto, akauliza maendeleo ya shule. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mna jambo lolote mlilotumwa na nyumbani?" Nilikumbuka karatasi. Niliwatazama watoto waliokwisha kujipanga kwa ajili ya picha, na viatu vyao nilivyohangaika kuvipiga rangi usiku. Nikawaza kwamba swali la butura litatia doa siku yetu, tutaonekana walalamishi, na mimi nitaonekana mwalimu mkorofi. Nikasema, "Hapana Mheshimiwa. Tumekuja kujifunza na kushukuru." Picha ikapigwa. Ninayo mpaka leo. Natabasamu, na mfuko wa shati umetuna kidogo.

Tuliporudi Kamuli, mvulana yule alikuwa anatungoja pale basi lilipotushusha. "Walisemaje, mwalimu?" Nikamjibu, "Limepokelewa. Linafanyiwa kazi."

Ndugu msomaji, maneno hayo nimeyasikia kwenye mikutano mingi na nimeyacheka. Sikujua kwamba ninayo tayari kinywani.

Mtu anaweza kunitetea. Atasema mjumbe si kipaza sauti, amepewa akili apime wakati na mahali. Ni kweli. Esta hakuropoka mbele ya mfalme. Alifunga siku tatu, akaandaa karamu, akangoja saa yake. Lakini Esta alipima jinsi ya kuwaokoa watu wake, akiwa tayari kupotea mwenyewe. Mimi nilipima nini? Nilipima aibu yangu. Mwenye kusema kwa niaba ya mwenzake ana uhuru wa kuchagua maneno na saa, ila hana uhuru wa kuligeuza hitaji la mwenzake kuwa mto wa kulalia yeye. Na akishindwa, kama tunavyoshindwa wote, bado anadaiwa kitu kimoja: arudi na kusema kweli. Kunyamaza kwangu kulikuwa udhaifu. Jibu nililomletea mtoto lilikuwa wizi, kwa sababu lilimwondolea hata haki ya kujua kwamba swali lake halijaulizwa.

Katika Kutoka 28 tunasoma jinsi Haruni alivyoagizwa kuvaa kifuko cha kifuani chenye mawe kumi na mawili, kila jawe na jina la kabila. Kila alipoingia patakatifu, majina yale yaliingia naye juu ya moyo wake. Nami karatasi yangu ilikuwa kifuani, mahali pale pale. Kumbe kitu kinaweza kukaa juu ya moyo wa mtu kisiingie ndani. Kuhani wetu mkuu, Kristo, hakutuombea kwa mbali. Alikuja kwanza akakaa kwetu, akajaribiwa kama sisi, ndipo Waebrania inatuambia anaweza kuchukuana na udhaifu wetu. Anayetaka kumsemea mkulima aliyeuza kahawa mbichi na akae kwanza barazani kwake.

Wiki kadhaa nilishindwa kuikaribia Meza ya Bwana bila kukumbuka agizo la Mathayo 5, la kuiacha sadaka na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Mwishowe nilikwenda. Mama yake alinikaribisha kwa ndizi na maharage, nikala kwa shida. Nikamwambia mtoto mbele ya wazazi wake kwamba sikuuliza, na kwamba nilimdanganya. Alinyamaza kwa muda mrefu. Sikuambiwa "si neno, mwalimu," nami sikustahili kuambiwa. Alisema tu, "Naomba karatasi yangu."

Nilimrudishia. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

Katika mkutano wa kijiji uliofuata alikuja na baba yake. Mwenyekiti alimruhusu kusema, ingawa hajafika umri wa kupiga kura. Akaisoma karatasi kama alivyoiandika. Jibu alilopata halikutosha, na butura haijaisha Kamuli. Lakini niliwaona watu kadhaa wakiinamisha vichwa, maana mnunuzi wa kahawa ya kijani hakai Dodoma. Anakaa nasi. Wengine tunaimba nao kwaya, wengine tunahesabu nao sadaka. Swali nililodhani ni la kupeleka bungeni lilikuwa na anwani ya karibu zaidi, na huenda ndiyo sababu nyingine nililiogopa.

Kila mmoja wetu ni mbunge wa mtu fulani. Mama anamsemea mgonjwa zahanati, mzee wa kanisa anaisemea jumuiya yake kwenye baraza, mwalimu anamsemea mtoto kwa mzazi. Ninapoongoza maombi ya kanisa sasa, hukusanya mahitaji ya watu kabla ya ibada, nikayasoma kwa maneno yao, siyo kwa maneno yangu mazuri. Na yule aliyenituma ninapomkuta njiani, simngoji aniulize. Humwambia mwenyewe nilichosema, na nilichoshindwa kusema.