Kizuri kwa Nani?

Mtu akikuambia jembe hili ni zuri, unaelewa kuwa linashika makali na mpini wake haulegei. Akikuambia sumu hii ya panya ni nzuri, unaelewa kuwa inaua. Neno ni moja na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sote tunajua jembe ni la nini na sumu inawekewa nani. Tabu huanza tunapokisifu kifaa bila kumtaja mtu atakayekitumia.

Hapa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, sifa kubwa ya kifaa ni kutengenezeka. Redio, taa ya sola, pampu ya kupulizia dawa shambani: mnunuzi huuliza kama kinafunguka kabla hajauliza bei. Mimi ni fundi, naishi kwa sifa hiyo. Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam na kuniwekea mezani tangi la vepu, alikuwa amempata hakimu mwenye upendeleo tayari.

"Mjomba, hebu lipime hili," alisema. "Si la kutupa. Unalifumua na kuliunda upya mwenyewe."

Nikalifumua. Chini kuna kitako chenye nguzo mbili za skrubu, na waya uliosokotwa umebanwa kati yake. Ndani ya msokoto hupitishwa pamba, ncha zake zikishuka kwenye kimiminika. Juu kuna kioo, bomba la mvuke na mdomo. Pamba ikijaa mno, kimiminika hakipandi na pamba huungua. Ikipungua, tangi huvuja. Ukinzani wa waya ni nusu omu, na hapo mita ya kawaida haiaminiki sana, kwa kuwa nyaya zake zina ukinzani wake. Betri iliyojaa, ya volti 4.2, itasukuma hapo zaidi ya ampea 8. Asiyeijua hesabu hiyo anaweza kuitia betri moto.

Kwa kipimo cha ufundi, tangi lilikuwa zuri. Nyuzi za skrubu zilishika, washa za mpira zilikaa, na kila kipande kiliweza kubadilishwa.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Kiko cha maji cha zamani kilikuwa na bori la kuwekea tumbaku, digali la kushusha moshi majini, chombo cha maji cha kifuu au kibuyu, na shilamu ya kuvutia. Hata mlio wa maji yake ulikuwa na jina, malio. Bori likipasuka huhitaji kiko kipya, unahitaji bori. Watu walikijua kiko kipande kwa kipande, na ujuzi huo haukupunguza ukali wa tumbaku hata chembe.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unavuta sigara?"

"Hapana, mjomba. Nimeanza na hii."

Jibu hilo lilibadilisha kipimo chote. Hon Lik, mfamasia wa China aliyebuni sigara ya kielektroniki mwaka 2003, alikuwa mvutaji aliyetafuta njia ya kutoka kwenye sigara. Kwa mtu kama yeye, tangi hili lina hoja: mvuke wake hubeba sumu chache kuliko moshi wa sigara, na mwenye kujaza mwenyewe anaweza kushusha nikotini hatua kwa hatua, mradi asifidie kwa kuvuta zaidi. Kwake, kizuri ni kile kinachompeleka karibu na siku ya kukiacha. Mpwa wangu hakuwa na kitu cha kutoka. Yeye alikuwa anaingia.

Hata nchi hupima tofauti. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki zote, za kutupa na za kutengeneza. Uingereza ilizuia uuzaji wa zile za kutumia mara moja tu tangu tarehe 1 Juni 2025, ikihofia taka na watoto, na ikaziacha za kujaza. Moja ilitazama nikotini. Nyingine ilitazama pia jalala, na ikawakumbuka wavutaji wanaotaka kutoka.

Kutengenezeka ni wema wa kweli, nami sitauacha. Humpa mwenye kifaa uwezo juu ya kifaa chake. Lakini kitu ulichokifunga kwa mikono yako hukipendi kama cha dukani. Unakipangusa, unakitafutia waya bora, na kukiacha kunakuwa kama kuuacha ufundi. Ukiwa na nikotini ndani, mapenzi hayo ni kamba ya pili.

Nilimjibu kama fundi na kama mjomba. "Kimeundwa vizuri. Waya ukiungua nitakubadilishia kwa dakika kumi. Pafu sina kipuri chake." Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Kama aliliacha, sijui. Hakuniambia nami sikumpekua.

Mpimaji akisema tu kwamba halivuji, amesema kweli, lakini mwenye kuuliza ataondoka na ruhusa ambayo hakuna aliyempa. Anayeombwa kupima kifaa ameaminiwa na mtu, na mtu huyo naye yumo katika kipimo. Swali la "je, ni kizuri?" lina deni la swali jingine, nalo lilipwe kwanza: kwa nani?