Zilipendwa na Waimbaji Wake

Somo: Mhubiri 9:13-16





Nyimbo za zamani tumezipa jina zuri katika lugha yetu: zilipendwa. Mtu akisikia redioni wimbo aliokuwa akiupenda ujanani, huacha kazi yake akasikiliza. Hukumbuka nyumba aliyokaa, rafiki aliokuwa nao, na wazazi waliokuwa hai wakati ule. Jambo hili si dhambi. Mungu ndiye aliyetupa uwezo wa kukumbuka, na Zaburi nyingi zimejaa kumbukumbu za siku zilizopita.

Kati ya nyimbo hizo ziko ambazo waimbaji wake walivuma mara moja tu, kisha hawakusikika tena. Katika muziki wa vijana wa Ulaya na Marekani watu hao ni wengi. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Denny Zager na Rick Evans, walitoa wimbo uitwao "In the Year 2525". Ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma sita, na Uingereza pia ukawa wa kwanza. Baada ya hapo hakuna wimbo wao mwingine uliovuma hivyo. Zager baadaye aliingia katika kazi ya kutengeneza magitaa. Hata leo wako wanaoupenda wimbo ule, lakini ukiwauliza ni nani waliouimba, wengi watabaki wakikuna kichwa.

Leo napenda tutafakari habari za waimbaji wengine wawili wa namna hiyo. Wote wawili walikuwa masista wa Kanisa Katoliki, na kila mmoja alijulikana duniani kwa wimbo mmoja.

Wa kwanza ni Jeanne Deckers wa Ubelgiji, aliyezaliwa Brussels mwaka 1933. Mwaka 1959 aliingia katika nyumba ya masista wa Kidominiko huko Fichermont, karibu na Waterloo. Alikuwa na gitaa lake, akitunga nyimbo nyepesi za kuwafurahisha masista wenzake na wageni wao. Mwaka 1961 nyimbo hizo zilirekodiwa katika kampuni ya santuri mjini Brussels. Mmoja wao uliitwa "Dominique", nao ulimsifu Mtakatifu Dominiko aliyeanzisha shirika lao. Santuri ilipewa jina la Sœur Sourire, yaani Sista Tabasamu.

Mwezi wa Desemba mwaka 1963 wimbo huo wa Kifaransa ulikuwa wa kwanza Marekani kwa majuma manne. Wamarekani walikuwa wangali na majonzi, kwa kuwa Rais wao Kennedy alikuwa ameuawa Novemba 22. Wengi hawakuelewa maneno, lakini sauti ile safi iliwafariji. Mwaka 1966 ikatolewa hata filamu juu ya sista mwenye gitaa.

Lakini yeye mwenyewe hakutajirika. Alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara, na fedha za wimbo zilikwenda kwa kampuni na kwa shirika lake. Mwaka ule ule wa 1966 alitoka utawani. Alijaribu kuimba tena, lakini nyimbo zake mpya hazikupokewa. Baadaye serikali ya nchi yake ilimdai kodi ya mapato ya wimbo ule. Alijibu kwamba fedha zile hakuzishika, lakini hakuwa na hati za kuthibitisha. Mwaka 1982 alirekodi "Dominique" upya, safari hii kwa vyombo vya umeme, akitumaini kupata chochote. Haikusaidia. Tarehe 29 Machi 1985 yeye na rafiki yake aliyekaa naye, Annie Pécher, walijitoa uhai. Jeanne alikuwa na umri wa miaka 51.

Hebu tutulie kidogo hapo. Wakati mwanamke huyu akilemewa na deni, watu katika nchi nyingi walikuwa na santuri yake majumbani. Walipoisikia walitabasamu na kusema, "Ah, wimbo ule! Siku zile zilikuwa nzuri." Wimbo ulikuwa umependwa, nao ulizidi kupendwa. Mwimbaji alikuwa amesahauliwa.

Sisi hatukuwapo, wala si kazi yetu kumhukumu yeye, au shirika lake, au serikali yake. Bwana ndiye ajuaye mioyo. Lakini somo letu latuonyesha kwamba mambo haya ni ya zamani sana. Mhubiri asimulia habari za mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkubwa. Ndani ya mji huo alikuwamo maskini mmoja mwenye hekima, naye kwa hekima yake akauokoa. Tendo moja, basi. Watu wakapona, wakarudi katika shughuli zao, wakala na kunywa. Na yule maskini? Hakuna aliyemkumbuka. Mhubiri hasemi kwamba watu wale walimchukia. Walifurahia tu kile alichowapa, wakaishia hapo.

Hii ndiyo hatari ya kupenda mambo ya zamani. Tunapoimba zilipendwa, mara nyingi tunajikumbuka sisi wenyewe, ujana wetu na raha zetu. Yule aliyetupa wimbo hayumo katika kumbukumbu hiyo. Mtu aweza kulia machozi kwa ajili ya wimbo, na asijue kwamba aliyeuimba analala na njaa.

Sasa tumtazame wa pili. Janet Mead alikuwa sista wa Shirika la Masista wa Huruma katika mji wa Adelaide, Australia. Alikuwa mwalimu, tena aliwapenda vijana, akawatengenezea ibada zenye magitaa na ngoma za roki ili wasione kanisa kuwa mahali pa wazee tu. Mwaka 1973 alirekodi Sala ya Bwana kwa muziki wa namna hiyo. Haikutazamiwa kuwa wimbo mkuu, kwa maana iliwekwa upande wa pili wa santuri. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri. Mwaka 1974 Sala ile ile tunayoisali kila siku ikafika nafasi ya nne katika orodha ya nyimbo za Marekani.

Sista Janet aliombwa kwenda Marekani kufanya maonyesho, akakataa. Sehemu yake ya fedha aliitoa kwa kazi za huruma. Baadaye alieleza kwamba siku zile za umaarufu zilikuwa mbaya kwake. Basi akarudi kwa watu wake. Kwa miaka mingi aliwahudumia wasio na makazi huko Adelaide, hata alipofariki mwezi wa Januari mwaka 2022. Wimbo wa pili uliovuma duniani hakuwa nao, wala hakuutafuta.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba sista mmoja alikuwa mwema na mwingine mbaya. Wote wawili walimtolea Mungu sauti zao, na wote wawili walisumbuliwa na sifa ambazo hawakuziomba. Lakini mmoja alipomaliza kuimba alikuwa na mahali pa kurudi, na watu, na kazi. Mwingine alibaki na karatasi za madai mikononi. Twaona basi jinsi ilivyo hatari mtu kuachwa peke yake baada ya makofi kwisha.

Bwana wetu Yesu alitufundisha njia nyingine. Huko Bethania mwanamke mmoja alivunja chupa ya marhamu ya thamani akammiminia kichwani. Alifanya hivyo mara moja, na marhamu ikaisha. Waliokuwapo walinung'unika. Yesu alimtetea, akasema kwamba ametenda lililokuwa katika uwezo wake, na kwamba kokote habari njema itakakofika, tendo hilo litasimuliwa kwa ajili ya kumkumbuka yeye (Marko 14:3-9). Angalieni: Bwana hakuishia katika kusifu harufu ya marhamu. Alimwangalia mwanamke mwenyewe, akamkinga na maneno ya watu, wala hakumdai chupa nyingine.

Biblia imejaa watu kama huyo. Kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili twamwona siku moja tu. Simoni Mkirene alibeba msalaba safari moja. Hatuambiwi walifanya nini tena. Mbele ya Mungu tendo moja la upendo latosha kuwa zawadi kamili. Wahenga nao walisema, wema hauozi.

Basi kila mtaa una zilipendwa wake. Yuko mwalimu wa kwaya aliyewafundisha watu nyimbo za Pasaka ambazo wangali wanaziimba, na sasa macho yake hayaoni nota. Yuko mwinjilisti aliyetembea kwa miguu kwenda kuanzisha kanisa la tawi, na sasa magoti hayamchukui. Yuko mama aliyeongoza Umoja wa Mama kwa bidii, kisha akapatwa na msiba, akaacha kuja. Twasema kwa furaha, "Enzi za fulani, kwaya ilikuwa kwaya!" Je, mara ya mwisho kumpigia hodi huyo fulani ilikuwa lini?

Paulo alipokuwa kifungoni Rumi, wengi walimgeuka. Onesiforo alimtafuta kwa bidii mpaka akampata (2 Timotheo 1:16-18). Hakutosheka na kusema kwamba mahubiri ya Paulo yalikuwa mazuri zamani. Na sisi tufanye vivyo hivyo. Juma hili kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye kazi yake ilimfaa, na ambaye siku hizi hatajwi. Amtembelee. Asiende kuzungumza habari za zamani tu, bali amwulize, "Unaendeleaje sasa? Una haja gani?" Kama ana deni, tulijue. Kama ana huzuni, asiachwe nayo peke yake.

Viongozi wa kwaya nao wajifunze kwa masikitiko ya Jeanne Deckers. Kwaya ikirekodi nyimbo, iandikwe mapema fedha zitakwenda kwa nani, na risiti zitunzwe. Kutoa kwa mkono mkunjufu hakuondoi haja ya daftari. Tusimwache mtu aliyetoa vyote vyake kwa Kanisa aje adaiwe baadaye kile ambacho hakukipokea.

Labda wewe usomaye ndiwe uliyeimba mara moja. Ulihubiri siku moja watu wakalia. Ulijenga, ulifundisha, ulisifiwa. Leo wapita njiani na vijana hawakujui. Usijipime kwa makofi ya zamani. Mungu hakudai wimbo wa pili ndipo akupende. Kwa Isaya alisema kwamba hata mama akimsahau mwanawe anyonyaye, Yeye hatatusahau, maana ametuchora katika viganja vyake (Isaya 49:15-16). Na kama mzigo umekuwa mzito hata waona afadhali kufa, usikae kimya. Njoo kwa kasisi wako, au mwite jirani umwaminiye, leo hii. Mlango u wazi.

Wimbo waweza kuitwa zilipendwa. Mtu wa Mungu hawezi kuitwa "alipendwa", kana kwamba kupendwa kwake kumekwisha. Anapendwa leo, na kazi ya Kanisa ni kumfanya alijue hilo.

Tuombe:

Ee Bwana Mungu, uliyemjua kila mwimbaji kabla hajafungua kinywa, twakushukuru kwa wote waliotufurahisha na kutufundisha, hasa wale ambao majina yao tumeyasahau. Uwarehemu waliokufa katika huzuni. Uwainue walemewao na deni na upweke. Utupe sisi miguu ya kuwaendea, na masikio ya kuwasikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.