JE, KILA KIMYA NI AMANI?



Mtu aliyechoshwa na kelele za soko, vumbi la barabara na honi za magari, roho yake hutamani mahali pa kimya. Hiyo si dhambi. Katika Marko sura ya 6 tunasoma kwamba wanafunzi walikosa hata nafasi ya kula, na Bwana mwenyewe akawaita waende kando wapumzike. Basi pumziko ni jambo jema. Lakini swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili: tukifika mahali penye kimya, je, tunaweza kusema mara moja kwamba hapo pana amani?

Katika jimbo letu la Kivu ya Kusini mahali pa namna hiyo pako. Ni Ghuba ya Burton, upande wa Fizi. Ghuba ni sehemu ya ziwa iliyoingia ndani na kuzungukwa na nchi kavu. Anayetoka Miti atapita Bukavu, Kamanyola na Uvira, kisha atafuata kando ya ziwa Tanganyika, Makobola, Mboko, mpaka Baraka. Ng'ambo ya maji kuna rasi ndefu ya Ubwari, imelala kama mkono wa mama unaomkinga mtoto. Upepo wa kusini wa kiangazi, unaowatesa wavuvi katikati ya ziwa, ukifika humo umekwisha pungua nguvu. Mchanga wa ufuko ni mwingi, na jua la mchana likiupiga unang'aa mweupe. Nilipoutembea asubuhi moja sikusikia kitu ila maji na kasia la mvuvi. Nilimshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yake.

Hata hivyo, wazee walituachia neno: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha ufuko ule kina historia. Vita vya mwaka 1996 vilipoanza, watu wengi wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kukimbilia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Tanzania mwaka ule ule. Mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, watu wengi waliuawa Makobola, kijiji kile kile msafiri anachopita akienda kutazama uzuri wa ziwa. Katika miaka ile, fukwe nyingi zilikuwa na kimya kuliko leo. Mgeni asiyejua habari angesema: "Mahali pazuri namna gani!" Lakini ule haukuwa utulivu. Ulikuwa ukiwa. Wenye mchanga walikuwa kambini, wakipanga mstari kungojea unga.

Mwezi wa kumi wa mwaka 2005, safari za meli za kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka zilianza. Wakashuka na mikeka, sufuria na watoto waliozaliwa ugenini. Kukawa na vilio vya furaha, na watu wakiitana majina. Apendaye kimya angenung'unika. Mimi nasema kelele zile ndizo zilikuwa amani.

Sisi wa Miti hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Barabara ya Kavumu ikinyamaza mchana, pasipo pikipiki wala mama mwenye mzigo wa ndizi, nani kwetu husema, "Leo kuna utulivu"? Tunaulizana: kumetokea nini? Mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu, maelfu ya watu walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Nyumba walizoziacha zilikuwa na kimya. Nani angekiita kimya kile amani?

Hata msitu ulio juu yetu ni shahidi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Watwa waliokuwa wakiishi humo waliondolewa. Mgeni anayekuja kutazama masokwe anausifu utulivu wa miti. Ni kweli, msitu ni mzuri na unapaswa kulindwa. Lakini uzuri wa mahali haufuti swali la Mungu kwa Kaini: ndugu yako yuko wapi?

Mtu atauliza: basi, shemasi, unatukataza kufurahia? Hapana. Tukingoja mateso yote yaishe ndipo tupumzike, hatutapumzika kamwe, na aliyechoka hawezi kumbeba mwingine. Hata ziwa linahitaji pumziko. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Tanganyika upande wake kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Ni hekima. Lakini pumziko la ziwa linaweza kuwa njaa ya mvuvi asiye na shamba wala duka. Kwa hiyo anayepanga pumziko lazima amfikirie pia yule atakayelilipa.

Tazameni Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Merikebu ya Paulo ilipovunjika, watu 276 waliokolewa kwenye ghuba yenye ufuko, kisiwani Malta. Maandiko hayasemi kama mchanga ulikuwa mweupe. Yanasema wenyeji waliwasha moto na kuwakaribisha wageni wote, kwa sababu ya mvua na baridi. Uzuri wa ufuko ule ulikuwa mioyo ya watu wake. Nafikiri waliofika Kigoma mwaka 1996 wanaelewa sura hiyo kuliko sisi.

Basi, ukijaliwa kufika mahali pazuri penye kimya, fanya mambo matatu. Kwanza, wasalimie wenyeji kabla ya kuyasifu maji, na uulize habari za mahali. Pili, usichafue: Uvira na Fizi kipindupindu hurudi mara kwa mara, na maji unayoogelea wewe ndiyo mama mwingine anateka kwa kupikia. Tatu, ukiwa na uwezo wa kununua kiwanja kando ya ziwa, usijenge ukuta wa kumzuia mtoto wa jirani asifike majini. Kimya kilichonunuliwa kwa kufukuza wengine si pumziko.

Amani ya mahali tusiipime kwa kimya chake. Tuipime kwa hili: aliyekimbia anaweza kurudi hapo, na aliyerudi anaweza kulala bila hofu. Mungu atupe amani ya namna hiyo, huku Miti na kule Baraka. Amina.