Nia Njema Haitoshi

Nilifundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo niliamini kwamba mtu akitenda kwa nia njema, sehemu kubwa ya wajibu wake imekwisha. Imani hiyo ilitikiswa na salfeti moja ya plastiki.

Nyumbani kwetu hatukuchanganya plastiki na maganda ya ndizi. Kila kipande kiliingia katika salfeti nyuma ya jiko: chupa za maji, madumu ya mafuta, vikopo vya mtindi, vifuko vya biskuti, hata vipande vya bomba. Kila Jumamosi nilimpa mama mmoja anayekusanya vitu vya kuuza kwa kilo. Nikajiona mtu mwema.

Siku moja nilimkuta amevimwaga vyote langoni, anachagua. Karibu nusu aliviacha. Nikamuuliza kwa ukali kidogo, "Mama, hivyo navyo si plastiki?"

"Shikamoo, Mwalimu," akajibu. "Ni plastiki, lakini haina mnunuzi. Nikiipeleka nakatwa kilo, na kazi ya kuitupa inakuwa yangu."

Basi nikavuta kigoda, nikawa mwanafunzi. Akanionyesha namba chini ya kila chombo. Namba 1, chupa za maji na soda, anachukua. Namba 2, madumu, na namba 5, ndoo, anachukua pia. Bomba ni namba 3, hataki. Vifuko vya biskuti vimegandishwa plastiki na madini pamoja, wala haviachani. Mimi nilidhani pembetatu ile ya mishale ni ahadi. La hasha! Alama hiyo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1988, hutaja aina ya plastiki tu. Haisemi kwamba yuko wa kuipokea. Tena hazipatani motoni: namba 1 huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, ilhali namba 3 huoza kwa joto kabla ya kufika hapo, ikaharibu na wenzake.

Je, nilikuwa na kosa? Mtu atasema kwamba mwenye kosa ni aliyetengeneza kitu kisicho na mwisho wake. Ni kweli, na sheria ina nguvu kuliko salfeti yangu: tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Lakini kosa la mwenye kiwanda halimrudishii mama yule saa alizopoteza akichambua uchafu wangu. Kutojua husamehewa pale pasipo na wa kumuuliza. Mimi nilikuwa naye langoni kila Jumamosi, na sikumuuliza neno. Takataka sikuziondoa, nilizihamisha tu, kutoka dhamirini mwangu hadi mgongoni mwake.

Siku hizi ninasuuza chupa na kutenga namba zangu. Zisizo na mnunuzi sizichomi, maana moshi wake una sumu. Nimeziweka kwenye pipa mbele ya baraza ninapoketi jioni, nizione. Wajukuu wananung'unika kwamba biskuti zimeadimika. Nawaambia wakalitazame pipa, kisha tuzungumze.